Tairi Kwanza, Gari Baadaye



Tumezoea kupokea maswali juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, mizinga ya nyuki na vitabu vya hesabu. Safari hii tumeulizwa swali ambalo hatukulitarajia. Kikundi kimoja cha kujisaidia kilituita tukakisaidie kuamua juu ya magari madogo ya rimoti, yale ya kushindana. Vijana wa kikundi walikuwa wameomba sehemu ya pesa za miche ili waanzishe klabu ya mashindano kila Jumamosi. Kina mama wakasema, "Tununue vichezeo na mabati ya stoo hayajakamilika?" Wazee nao wakanyamaza, na kimya cha wazee mnakijua.

Tulipofika tuliona kwamba ubishi huo ulikuwa na sababu. Vijana walikuwa wamekwisha kununua magari mawili mjini kwa pesa walizochanga wenyewe. Jumamosi ya kwanza, rimoti moja ikaendesha magari yote mawili. Ukipinda kushoto, yote yanapinda kushoto! Jumamosi ya pili gia ya gari moja ikavunjika jino, na duka lililouza gari halikuwa na spea hata moja. Basi magari hayo yako juu ya kabati la katibu mpaka leo, na kila mkutano ukianza kuna mtu anayaangalia na kutikisa kichwa.

Tulikaa nao, tukauliza, tukatafuta habari za mchezo huu unavyoendeshwa huko ulikokomaa. Tuliyojifunza tunayaandika hapa, kwa maana tunajua kuna vikundi vingine vyenye vijana wanaoomba jambo kama hili. Hata kama kikundi chenu hakitanunua gari lolote, njia ya kuamua itawafaa kwa mashine nyingine.

Neno letu kubwa ni hili: usianze na gari. Anza na uwanja mlio nao, kisha uchague tairi inayofaa uwanja huo, kisha ndiyo utafute gari. Na kabla shilingi ya kwanza haijatoka, klabu nzima ikubaliane juu ya tairi moja kwa wote. Watu wengi hufanya kinyume, na ndipo pesa hupotea.

MCHEZO HUU NI NINI?

Magari tunayozungumzia ni madogo, mengi ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari la kweli. Yana mota ya umeme, betri na chombo cha kupokea amri kutoka kwa rimoti. Gari la kawaida la anayeanza lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na linaweza kwenda kilomita 25 hadi 30 kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli inayoshuka mlima. Likikugonga kwenye mguu utajua.

Huko Marekani watu walianza kuweka sheria za mashindano zamani. Chama chao kinachoitwa ROAR kilianzishwa mwaka wa 1967. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka wa 1976, nalo lilikuwa mfano wa Porsche 934. Mwaka wa 1979 likaundwa shirika la dunia nzima, IFMAR. Mwaka wa 1984 Tamiya ikatoa gari rahisi la kwenda nje ya lami, jina lake Grasshopper, yaani panzi. Mwaka huo huo kampuni ya Team Associated ya California ikatoa RC10, gari lililotengenezwa hasa kwa mashindano. Tangu hapo vilabu vikaenea. Uingereza, kwa mfano, wana chama chao cha BRCA, na vilabu vyao hukutana katika kumbi za shule, viwanja vya magari na mashamba.

Mashindano yenyewe hayana mambo mengi. Mara nyingi mbio moja ya klabu huchukua dakika tano. Hakuna kusema fulani amefika wa kwanza kama mbio za miguu. Wanahesabu mizunguko: aliyezunguka mara nyingi zaidi katika dakika tano ndiye mshindi. Vilabu vyenye pesa vina mtambo wa kuhesabu. Asiye na mtambo anaweza kutumia mtu mmoja kwa kila gari, na ubao na chaki.

Kuna desturi moja ya vilabu hivyo iliyotupendeza sana. Ukimaliza mbio zako, huendi kunywa soda. Unaweka rimoti chini, unakwenda kusimama kwenye kona, na kazi yako ni kuinua magari ya wenzako yanayopinduka katika mbio zinazofuata. Asiyesimama kwenye kona huadhibiwa. Hapo wale wazee walionyamaza wakafungua midomo. Mmoja akasema, "Hiyo sasa ni kama zamu ya kuchunga."

KICHEZEO NA GARI LA KLABU

Yale magari mawili ya juu ya kabati hayakuwa mabaya. Yalikuwa vichezeo, na kichezeo hutengenezwa kwa mtoto mmoja nyumbani. Tofauti yake na gari la klabu ni mambo mawili.

La kwanza ni rimoti. Vichezeo vingi vya bei ndogo hutumia mawimbi ya aina moja, kwa hiyo magari mawili yakikutana yanachanganyikiwa. Rimoti za siku hizi za magari ya klabu hutumia mawimbi ya gigahazi 2.4, na kila rimoti hufunganishwa na gari lake. Magari kumi yanaweza kukimbia pamoja bila kuingiliana.

La pili ni spea. Kichezeo kikivunjika, umemaliza. Gari la klabu limefungwa kwa skrubu, na kila kipande kina namba yake kitabuni: mkono wa mbele, gia, bampa, ekseli. Kikivunjika kipande kimoja unaagiza hicho tu. Grasshopper ile ya 1984 ilitolewa tena mwaka wa 2005, na watu bado wanaitengeneza. Kwa kikundi, spea ni jambo kubwa kuliko mwendo.

KWA NINI TUNASEMA TAIRI KWANZA?

Wengi wetu tulipokuwa watoto tulitengeneza magari ya waya. Magurudumu tuliyakata kwenye ndara kuukuu au tukatumia vifuniko vya mikebe. Mnakumbuka gari la vifuniko lilivyoteleza kwenye sakafu, na la ndara lilivyoshika? Gari lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mahali linapogusa ardhi.

Basi na haya magari ni hivyo. Nguvu yote ya mota, breki zote na kupinda kote hupitia katika vipande vinne vidogo vya mpira. Mtu anaweza kununua mota kali sana, lakini tairi isiposhika, nguvu hiyo inabaki kuchimba vumbi tu. Mwenye mota ya kawaida na tairi inayofaa atampita.

Tairi hizi hazijazwi upepo kama za baiskeli. Ndani yake kuna sponji inayoshikilia umbo, na tundu dogo la kupitisha hewa. Kwa hiyo ukinunua tairi unanunua vitu vitatu: meno ya juu, ulaini wa mpira, na sponji ya ndani. Muuzaji akikutajia kimoja tu, muulize na hivyo viwili.

UWANJA WENU NI UPI?

Tembeeni uwanjani kabla ya kutembea dukani. Chukueni konzi ya udongo. Fagieni kipande kimoja mwone chini kuna nini. Halafu someni hapa.

1. Lami au saruji. Hapa tairi inayofaa ni kipara, isiyo na meno kabisa. Najua mtashangaa, kwa maana polisi husimamisha matatu yenye tairi kipara. Lakini meno ya tairi ya matatu ni ya kuondoa maji ya mvua. Mahali pakavu, kipara hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi na hushika zaidi. Mchezo huu kwenye lami huchezwa wakati wa ukavu. Mpira wake huchaguliwa kwa joto la ardhi: laini kwa ardhi baridi, mgumu zaidi kwa ardhi ya moto. Watengenezaji wengine huandika namba kama 24, 28, 32 na 36, na kwao namba kubwa ni ya joto kubwa. Lami ya kwetu saa saba mchana si lami ya Uingereza mwezi wa tatu. Msinunue tairi laini kwa sababu bingwa wa ng'ambo anaitumia. Ataitumia kwenye baridi, na nyinyi itawaishia kwa siku moja.

2. Udongo mgumu uliokanyagwa, kama uwanja wa shule wakati wa kiangazi. Hapa panafaa meno mafupi yaliyokaribiana. Meno marefu yatapindapinda na gari litayumba. Mkiufagia na kuunyunyizia maji kidogo kila mara, udongo wa mfinyanzi hung'aa na kushika kama saruji, na hapo hata kipara kinaweza kufaa. Viwanja vingi vya Marekani ni vya namna hiyo.

3. Vumbi, changarawe au nyasi. Hapa panahitaji meno marefu yaliyoachana, ili yapenye vumbi la juu na kufika kwenye udongo mgumu wa chini. Meno yaliyokaribiana yatajaa uchafu, na tairi itakuwa kama imevaa soksi. Meno haya mkiyapeleka kwenye saruji, yatakwisha upesi.

4. Zulia ndani ya ukumbi. Huko Ulaya vilabu vingi hukimbiza magari juu ya zulia wakati wa baridi, kwa tairi za vijino vidogo sana au za sponji tupu. Tumeitaja ili msidanganyike mkiona picha. Ukumbi wetu wa saruji hauna zulia, basi rudini kwenye namba moja.

Jambo moja zaidi juu ya tairi za mbele. Kama gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, tazameni trekta. Nyuma ina meno makubwa ya kuvuta. Mbele ina mistari inayozunguka tairi, ya kusaidia kupinda. Magari madogo ya kusukumwa nyuma hufuata mpango huo huo kwenye udongo. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne mara nyingi hupewa meno pande zote. Msiweke tairi za nyuma mbele kwa sababu mmepata bei nzuri.

TAIRI MOJA KWA WOTE

Sasa tunafika mahali penye hatari, na si hatari ya gari, ni ya kikundi.

Mpira laini hushika sana na huisha upesi. Mpira mgumu hushika kidogo na hudumu. Klabu ikimwachia kila mtu achague, itakuwa hivi. Mmoja ambaye ndugu yake anafanya kazi mjini ataleta tairi laini mpya. Atashinda. Jumamosi inayofuata wawili wengine watakopa ili wanunue kama zake. Mwezi wa pili, wale wasio na wa kumkopa watakuwa watazamaji. Mwezi wa tatu watakuwa nyumbani. Klabu itabaki na watu watatu na kabati la tairi zilizokwisha.

Si sisi tuliobuni hadithi hii. Vilabu vya ng'ambo, ambako watu wana mishahara, vimeteswa na jambo hili kwa miaka mingi. Dawa waliyoipata ni kanuni ya tairi moja. Klabu au chama hutangaza mwanzoni mwa msimu kwamba tairi ni aina hii, mpira huu, sponji hii, na mwenye tairi nyingine hakimbii. Wengine huweka hata mota moja na betri moja. Mwaka wa 2008 kampuni ya Traxxas ya Marekani ilitoa gari aina ya pikapu linaloitwa Slash, nalo liliwafanya wengi waanze mashindano ya magari yale yale, kama yalivyotoka kwenye sanduku. Hapo anayeshinda ni mwenye mkono mzuri.

Tunawashauri mwandike kanuni kama hizi katika kitabu cha kumbukumbu, na kila mmoja atie sahihi:

– Tairi ya klabu ni ya aina moja, na hainunuliwi na mtu binafsi. Klabu inanunua kwa jumla na kugawa.
– Tairi mpya zinatolewa kwa wote siku moja.
– Hakuna kupaka tairi dawa yoyote ya kulainisha mpira.
– Kanuni haibadiliki katikati ya msimu, hata kama mwenyekiti ndiye anayeshindwa.

Kuna kijana aliyetuuliza, "Sasa mtu akitaka kujiendeleza, si mnamfunga?" Swali ni zuri. Jibu letu ni kwamba anayejiendeleza atajifunza kupinda vizuri, kupanga gari lake na kulitunza. Siku klabu ikiwa na watu wengi wenye uwezo, mnaweza kuanzisha daraja la pili lililo huru. Lakini la kwanza lisivunjwe.

KUCHAGUA SETI

Sasa uwanja mnaujua na tairi mnaijua. Gari ni lile linaloweza kubeba tairi hiyo juu ya uwanja huo.

Kuna njia mbili za kununua. Moja ni gari lililokamilika, unalitoa kwenye sanduku unatia betri. Nyingine ni seti ya kuunda, mfuko wa vipande na kitabu cha picha, na unaunda mwenyewe kwa siku moja au mbili. Kwa klabu ya vijana tunapendelea seti. Aliyeliunda gari kwa mikono yake anajua kulifungua likiharibika. Na kuunda kwenyewe ni somo la ufundi.

Lakini angalieni, jina "seti" linadanganya. Wengi hulipia sanduku na kufika nyumbani wakikuta gari haliwezi kusogea. Ulizeni juu ya vitu hivi saba, kimoja kimoja, na mwandikiwe bei ya kila kimoja:

1. Gari lenyewe pamoja na mota.
2. Kidhibiti cha mwendo, kile kinachopeleka umeme kwenye mota.
3. Sevo, yaani mota ndogo inayopinda magurudumu ya mbele.
4. Rimoti na kipokezi chake.
5. Betri ya gari.
6. Chaja.
7. Bodi na rangi yake, na tairi za akiba.

Kwa mfano, kuna seti ya Tamiya iitwayo TT-02, iliyotolewa mwaka wa 2013. Ni ya magurudumu manne ya kusukuma, ni rahisi kuunda, na vilabu vingi huitumia kwa wanaoanza. Gia zake zimefunikwa, jambo zuri penye vumbi. Kwa kawaida seti hiyo huja na mota, lakini rimoti, sevo, betri na chaja unatafuta mwenyewe. Tena gari hilo liko chini kwa ajili ya lami. Ukilipeleka kwenye vichuguu litalala tumbo. Kuna ndugu yake, TT-02B, aliyeinuliwa kwa ajili ya udongo. Mnaona sasa kwa nini uwanja ulitangulia? Majina yanakaribiana, sanduku linafanana, na kosa la herufi moja linaweza kuwapotezea pesa za msimu mzima.

Tazameni pia mambo haya. Magari yote ya klabu yawe ya aina moja, ili spea ya moja ifae jingine, na gari lililokufa liwe stoo ya mengine. Magurudumu yafungwe kwa pembe sita ya milimita 12, ambayo ndiyo kawaida ya magari mengi ya moja kwa kumi. Hapo mtapata tairi kwa watengenezaji wengi. Seti nyingi za bei ndogo huja na vishikilio vya plastiki mahali pa beringi. Katika vumbi letu vitalika mapema, kwa hiyo nunueni beringi za chuma tangu mwanzo na mzitie wakati wa kuunda. Mota iacheni iliyotoka kwenye sanduku. Na magari ya mafuta yenye moshi, kwa klabu inayoanza, yaacheni. Yana kelele, yanataka mafuta ya pekee, na injini yake inataka fundi kila mara.

Tena, kama mnaagiza kutoka nje, bei ya dukani si bei ya mlangoni. Kuna usafiri na kuna ushuru. Mweka hazina aulize vyote kabla ya kura kupigwa.

BETRI BILA MAJUTO

Kuna betri za nikeli na betri za lithiamu. Ya nikeli ya volti 7.2 ina seli sita na ni mvumilivu. Ya lithiamu ya seli mbili, volti 7.4, ni nyepesi na ina nguvu, lakini ni ya kuheshimiwa. Kila seli isizidi volti 4.2 ikijaa na isishuke chini ya volti 3. Ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, ikitobolewa, au ikivimba na watu wakaendelea kuitumia, inaweza kuwaka moto mkali. Kwa kuanza tunashauri nikeli, na chaja inayojizima yenyewe betri ikijaa. Aina yoyote mtakayotumia, chajini juu ya saruji au sahani ya udongo, mbali na pazia na nyasi, na mtu mzima awepo.

Pasipo na stima, chaja nyingi hukubali betri ya gari ya volti 12. Hesabu yake ni hii. Betri ndogo ya nikeli ya ampea 3 kwa saa ina wati-saa 22 hivi. Betri ya gari ya ampea 40 ina wati-saa 480, lakini msiimalize. Mkitumia nusu yake, na umeme kidogo ukipotea njiani, mtachaji kama mara nane. Mkiwa na sola ya kuirudishia nguvu wiki nzima, Jumamosi yenu imekamilika.

KUTUNZA TAIRI

Tairi inagundishwa kwenye gurudumu kwa supa glu. Kwanza osheni tairi na gurudumu kwa sabuni mafuta yaondoke, zikauke kabisa. Tieni gundi kidogo kidogo kuzunguka ukingo, subirini, kisha upande wa pili. Tairi ikichomoka katikati ya mbio, kwa kawaida ni kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya kugundisha. Gundi hiyo ni kali kwa macho na vidole, isiachiwe watoto.

Baada ya mbio, piga brashi vumbi litoke. Msizamishe tairi kwenye ndoo, kwa maana sponji ikinywa maji inakuwa nzito na kuoza. Kila Jumamosi badilisheni za kushoto na kulia ili ziishe sawasawa, ila kama meno yake yana mwelekeo, fuateni mshale. Meno yakibaki nusu, tairi hiyo iende kwa mazoezi, mpya zibaki za mashindano.

Tena, tairi kubwa ni kama gia kubwa kwenye baiskeli: mwendo unaongezeka lakini mota inafanya kazi ngumu. Mkibadilisha ukubwa wa tairi, mpimeni mota baada ya dakika mbili. Kama huwezi kuigusa kwa kidole huku ukihesabu hadi tano, imepata joto kupita kiasi. Punguzeni pinioni, ile gia ndogo ya mota, kwa jino moja au mawili.

HESABU AMBAYO KIKUNDI KILIISAHAU

Vijana wale walikuwa wameandika bei ya magari sita. Basi. Tuliwauliza, "Na tairi?" Wakajibu kwamba zinakuja na gari.

Gari ni kama jembe, linanunuliwa mara moja. Tairi ni kama sabuni. Tukachukua mfano, na hii si bei ya dukani, ni mfano tu. Tuseme tairi nne ni shilingi 3,000 na zinadumu Jumamosi 15. Kila Jumamosi gari moja linakula shilingi 200. Magari manne, shilingi 800. Kama vijana 16 wanapokezana magari hayo, kila mmoja atoe shilingi 50 kila Jumamosi, na hapo hatujanunua betri wala mkono uliovunjika. Je, wote 16 wanaweza? Kukawa kimya. Wawili walisema wazi hawawezi. Tuliwashukuru, kwa maana wangeweza kunyamaza na kuacha kuja.

Ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza. Wakaamua kwamba tairi ngumu inayodumu ndiyo itakayokuwa tairi ya klabu, hata kama mwendo utapungua. Wasioweza kutoa shilingi watatoa kazi ya kufagia na kunyunyizia uwanja. Pesa za miche hazitaguswa mpaka uwanja uwe tayari na mabati ya stoo yakamilike. Kisha watanunua magari mawili ya kuunda, si sita, na kuyatazama kwa miezi mitatu. Wakati huo wa kungoja, watoto watashindana kwa magari ya waya kwenye uwanja ule ule, tairi za ndara kwa wote.

Na kitabu cha tairi kitatunzwa na nani? Aliyesimama ni yule mama aliyekuwa akitikisa kichwa. "Nipeni mimi," akasema. "Najua sabuni inavyoisha."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mashine au kifaa ambacho kikundi chetu kilinunua kabla ya kupima mahali kitakapofanyia kazi? Kilitugharimu nini?
2. Ni kitu gani kwetu ambacho ni kama tairi, yaani kinaisha na hatukukiwekea pesa?
3. Katika shughuli zetu, ni wapi mwenye uwezo anaweza kuwasukuma wengine nje bila kukusudia? Kanuni gani ingewalinda wote?
4. Vijana wetu wakileta ombi, je, huwa tunawajibu kwa hesabu au kwa kutikisa kichwa?